Vifaa vya kufukuza mbu kwa sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakikaribia, simu zetu hujaa picha za kitu kilekile: kiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, kina taa ya bluu, na kwenye pakiti yake amechorwa mbu aliyepigwa mstari mwekundu. Kariakoo kiko kwenye meza za machinga, Nairobi utakikuta Luthuli, na ukiagiza mtandaoni bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Swali ni moja: "Hiki kinafaa?" Sisi kazi yetu ni kupiga dawa majumbani na kufunga nyavu za madirisha, kwa hiyo utasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sawa. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanategemea majaribio ya watu ambao hawauzi dawa wala nyavu.

Nipe jibu fupi kwanza. Vinafanya kazi au havifanyi?

Kwa mbu, havifanyi. Hatusemi kwamba vinasaidia kidogo, wala kwamba vinasaidia chumba kikiwa kidogo, wala kwamba vya bei mbaya ndivyo vizuri. Vimepimwa tangu miaka ya 1970, Afrika, Ulaya na Amerika, na mbu wameendelea kuuma kama kawaida.

Vilipimwaje? Maana kusema ni rahisi.

Jaribio lenyewe halina utaalamu wa kutisha, ila linahitaji uvumilivu. Mtu anakaa kwenye kiti usiku, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja, na mkono wa pili ana mrija wa kufyonzea. Mbu akitua mguuni, anamulikwa, anafyonzwa kwenye mrija kabla hajachoma, anatiwa kwenye kikombe kilichofunikwa kwa wavu. Asubuhi vikombe vinahesabiwa. Watafiti wa malaria wa huku kwetu, wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wamehesabu mbu kwa namna hiyo kwa miaka mingi. Ukitaka kupima kifaa, unakiwasha usiku mmoja na kukizima usiku mwingine, au unaweka kilicho hai nyumba hii na kilichokufa nyumba ile, halafu unabadilishana. Bora zaidi ni pale mwenye kuhesabu mwenyewe hajui kipi kimewashwa.

Mwaka 2007, Ahmadali Enayati, Janet Hemingway na Paul Garner walikusanya majaribio ya aina hiyo yaliyofanyika nje ya maabara na kuyapitia kwa niaba ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba na kinga. Walipata tafiti 10 zilizokidhi vigezo vyao. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba mbu walipungua kwenye ngozi ya mtu kwa sababu kifaa kimewashwa. Tena katika majaribio 12 kati ya 15 yaliyokuwa ndani ya tafiti hizo, mbu waliotua walikuwa wengi kidogo pale kifaa kilipowashwa kuliko pale kilipozimwa. Walihitimisha kwamba hakuna sababu ya kuuza vifaa hivi kama kinga ya malaria, na hawakuona haja ya kupendekeza majaribio mengine makubwa. Watafiti kwa kawaida humaliza kwa kusema "utafiti zaidi unahitajika". Hawa hawakusema hivyo.

Tangu hapo wengine wamerudia. Wabrazili walichapisha mwaka 2010 jaribio la Aedes aegypti, mbu wa dengi, na wakaona waliuma zaidi sauti ikiwashwa. Mwaka 2017 maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, Marekani, ilipima bidhaa 11 kwa mpigo: dawa za kupaka, bangili, mshumaa wa sitronela na kifaa kimoja cha sauti. Baadhi ya dawa za kupulizia mwilini zilifukuza mbu vizuri. Kifaa cha sauti hakikufukuza.

Kwani mbu ana masikio?

Anayo, na ni mazuri ajabu, ila hayako unakodhania. Mbu husikia kwa vipapasio vile viwili vya kichwani. Chini ya kila kipapasio kuna kivimbe cha mviringo, na ndani yake zimo chembe za neva zinazohisi kipapasio kikitikisika hata kidogo sana. Kiungo hicho kinaitwa kwa jina la daktari wa Baltimore, Christopher Johnston, aliyekieleza mwaka 1855. Mbu dume utamtambua hata kwa macho: vipapasio vyake vina manyoya mengi, wakati vya jike ni vyembamba na nywele zake ni za kuhesabika. Manyoya yale yanamsaidia dume kumsikia jike akiruka.

Hiram Maxim, yule Mmarekani aliyebuni bunduki ya rashasha, aliliona jambo hili mwaka 1878 alipokuwa akifunga taa za umeme kwenye hoteli moja huko Saratoga Springs, jimbo la New York. Mitambo ilipoanza kuvuma jioni, mbu waligeukia upande wa mvumo. Alipowaangalia vizuri akakuta ni madume. Mvumo ule ulifanana na mlio wa mbawa za jike, nao wakaufuata.

Jambo la kushika hapa ni kiwango cha sauti. Mbawa za jike hupiga kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde, za dume zaidi kidogo. Ndiyo ule mlio unaokuamsha saa nane za usiku. Masikio ya mbu yametengenezwa kwa sauti za kiwango hicho, kuanzia hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) mia chache hadi elfu mbili hivi. Sikio la binadamu linafika hezi 20,000 kwa kijana mwenye afya. Vifaa hivi vinadai kutoa sauti iliyo juu ya hapo, na ndiyo sababu wewe huisikii. Kumpigia mbu sauti ya hezi 40,000 ni kumpigia mbuzi gitaa.

Pakiti linasema kifaa kinaiga sauti ya mbu dume, na kwamba jike mwenye mimba humkimbia dume. Si kuna ukweli hapo?

Hili tunalipenda kwa sababu linaanza na kitu cha kweli. Ni kweli wanaouma ni majike peke yao, kwa kuwa wanahitaji damu ili mayai yakomae. Ni kweli pia kwamba jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, anahifadhi mbegu na kuzitumia maisha yake yote. Basi muuzaji anaunganisha: jike anayekuja kukuuma ameshapandwa, hataki usumbufu, akisikia dume atakimbia.

Tatizo la kwanza: hakuna aliyeonyesha kwamba jike mwenye njaa ya damu anaacha mguu wa mtu kwa sababu kasikia dume. Kwa Anofelesi, mbu wa malaria, madume hukusanyika nje kwenye makundi wakati wa magharibi, na majike huenda huko kupandwa. Chumbani kwako saa sita za usiku hakuna dume anayemfukuza jike.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na huhitaji maabara kuliona. Mlio wa mbu dume uko ndani kabisa ya usikivu wetu, hezi mia kadhaa tu. Kama kifaa kingekuwa kinauiga, ungeusikia usiku kucha, nyiiii, mpaka ukitoe ukutani mwenyewe. Pakiti moja haliwezi kusema "kimya kabisa kwa binadamu" na hapohapo "huiga sauti ya mbu dume". Lisome tena utaona yote mawili yameandikwa, mara nyingine sentensi moja baada ya nyingine.

Na zile zinazoiga popo au kereng'ende?

Kereng'ende mbawa zake hupiga makumi machache tu kwa sekunde, kwa hiyo sauti yake ni ya chini sana. Haina uhusiano wowote na sauti ya juu inayotajwa kwenye pakiti.

Popo ni hoja nzito kidogo. Popo kweli huwinda kwa sauti tusizozisikia, na wako wadudu wanaozisikia na kukwepa: nondo wengi, nyenje, vunjajungu. Hao wana masikio yenye ngozi ya ngoma, yaliyo kifuani, tumboni au miguuni. Mbu hana sikio la aina hiyo. Tena hata kama angesikia, usiku wa Afrika umejaa popo na bado mbu wanatoka.

Sasa mbu ananipataje gizani?

Kwa pumzi kwanza. Hewa unayoitoa ina kabonidayoksaidi, na mbu jike huihisi kutoka mita nyingi na kuifuata kinyume cha upepo. Akikaribia, harufu ya ngozi inamwongoza: asidi laktiki ya jasho na mchanganyiko wa harufu zinazotengenezwa na bakteria wa miguuni. Akifika karibu kabisa, joto la mwili na unyevu vinamwonyesha pa kutua. Macho nayo yana kazi yake, hasa kwa mbu wa mchana. Katika safari yote hiyo, sauti haiko. Ndiyo maana dawa za kupaka zinazovuruga kunusa kwake zinafaulu, na ndiyo maana wavu unafaulu, kwa kuwa unamzuia kufika.

Mimi ninacho chumbani na siumwi. Mtasemaje?

Tutakuuliza mambo mengine kabla ya kifaa. Una feni? Mbu ni mrukaji dhaifu, na feni ya dari ikizunguka kasi humpa taabu kweli. Una neti? Umepulizia dawa jioni ile? Kulikuwa na upepo wa kusi? Mbu hawaji kwa idadi moja kila usiku: leo kumi, kesho wawili, keshokutwa hakuna, kutegemea mvua, upepo, na kama jirani kafunika tangi lake. Watu wananunua kifaa siku mbu wamezidi, na baada ya siku ya kuzidi mara nyingi hufuata siku ya kupungua. Sifa zinakwenda kwa kifaa.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wetu wameliona na sasa wanalicheka. Ingia chumba chenye kifaa kilichowashwa, zima taa, subiri kidogo, kisha mulika ukuta kwa tochi kuzunguka soketi. Si ajabu kumkuta mbu ametulia ukutani, hatua moja kutoka kwenye taa ya bluu, tumbo jekundu limejaa damu. Huyo amekula na amekwenda kupumzika.

Tafadhali usijaribu kwa kulala bila neti "uone". Kwenye eneo la malaria hilo si jaribio, ni kucheza na maisha.

Je, programu za simu za kufukuza mbu?

Hizo ni hafifu hata kuliko kiboksi. Spika ya simu imetengenezwa kwa sauti za watu na muziki. Faili za sauti za kawaida huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo haziwezi kubeba sauti ya juu ya hezi 22,050. Kinachotoka kwenye spika ni mlio mwembamba ambao watoto wako wanausikia na kuudhika, wewe mwenye umri huusikii, na mbu hana habari. Kinachofanikiwa ni matangazo ya biashara na betri kuisha.

Lakini hata kampuni kubwa zimetengeneza televisheni na simu za kufukuza mbu.

Ni kweli. LG iliuza India televisheni zenye teknolojia hiyo mwaka 2016, na mwaka uliofuata simu. Jina kubwa kwenye bidhaa halibadilishi sikio la mbu. Brazili nako, mwaka 2012, jarida la Go Outside lilishinda tuzo kubwa ya matangazo ya redio mjini Cannes kwa wazo la kurusha sauti ya hezi 15,000 chini ya muziki wa redio ili kufukuza mbu. Tuzo ile ilikuwa ya matangazo. Majaji wa matangazo hawahesabu mbu.

Pakiti lina alama ya CE. Lingine lina namba ya EPA. Serikali si zimekipitisha?

Hapana, na hili linawachanganya watu wengi waelewa. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inafuata masharti ya Ulaya, hasa ya usalama wa umeme, yaani haitakuchoma wala kuvuruga redio. Haisemi lolote kuhusu mbu. Namba ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwenye vifaa vya namna hii huonyesha kiwanda kilipotengenezwa. Marekani dawa yenye kemikali husajiliwa baada ya kukaguliwa, lakini kifaa kisicho na kemikali hakipiti usajili huo.

Kinyume chake, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua ya onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya sauti vya kufukuza wadudu na panya mwaka 2001, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Zaidi ya miaka ishirini imepita na vifaa bado vinatengenezwa. Sasa vinakuja kwetu.

Nilisoma kwamba muziki wa dabstepu unapunguza mbu kuuma. Si sauti hiyo?

Ni sauti, lakini ya aina tofauti kabisa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Acta Tropica. Mbu wa Aedes aegypti waliwekewa muziki wa kishindo maabara, na kwa muda ule walichelewa kushambulia mnyama aliyewekwa na walipandana kidogo. Muziki ule una besi na mitetemo ya chini, sauti ambazo mbu anazisikia. Kwa hiyo haupingani na tuliyosema, unayaunga mkono. Ila mbu wa kwenye kizimba kwa dakika chache si kinga ya familia, na majirani zako wa Sinza watakupeleka serikali ya mtaa kabla mbu hawajahama.

Na wadudu wengine? Kunguni, mende, panya, mbung'o?

Kunguni: watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona walipima vifaa vinne vya madukani na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kunguni hawakukimbia wala hawakuvutwa. Walipita tu. Kunguni anatolewa kwa joto, kwa kufua na kuanika, kwa kuziba nyufa za kitanda, na kwa dawa inayorudiwa baada ya mayai kuanguliwa.

Viroboto: kola za sauti za paka zilipimwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hazikusaidia.

Panya wanasikia sauti hizo kweli, maana hata wao huwasiliana kwa sauti tusizozisikia. Wengine hushtuka siku za mwanzo, halafu wanazoea na kurudi kwenye unga. Tena sauti ya juu namna hiyo haipiti ukuta, na hata kochi au pazia huizuia, kwa hiyo panya wa darini hana wasiwasi.

Mbung'o huvutwa na rangi na harufu. Ndiyo maana mitego yake ni ya kitambaa cha bluu na cheusi, yenye kichupa cha harufu kama ya ng'ombe. Unguja ilitangazwa kumaliza mbung'o mwaka 1997, baada ya dawa kwa mifugo, mitego, na kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi. Spika haikuhusika.

Kinaweza kumdhuru mtoto au mifugo?

Kifaa chenyewe, kwa kawaida, hakina nguvu ya kudhuru. Vijana na watoto wanaweza kusikia mlio kama kifaa kinatoa sauti ya chini ya kile kinachodai. Mbwa husikia hadi hezi 45,000 hivi na paka zaidi ya hapo, kwa hiyo wanyama wa ndani wanaweza kukerwa. Tuliwahi kufungua kimoja kilichokufa: kibao kidogo cha saketi, taa ya bluu, na kidude cha chuma cha duara, saizi ya sarafu, kinachotetema. Basi. Waya wa ndani ulikuwa mwembamba na umechomelewa ovyo, na hapo ndipo tungekuwa na hofu zaidi kuliko kwenye sauti.

Madhara makubwa hayatoki kwenye kifaa. Yanatoka kwenye neti iliyokunjwa na kuwekwa juu ya kabati kwa sababu "tuna mashine". Mama mmoja wa Bagamoyo alituambia hivyohivyo, kwamba watoto wanalia joto ndani ya neti, na mashine haina joto. Tulimjibu: mama, ukipenda acha mashine iwake, lakini rudisha neti leo hii.

Taa za bluu za kuua wadudu kwa shoti je? Na raketi?

Taa zinaua, ila zinaua wasiohusika. Mwaka 1996 watafiti wa Delaware, Marekani, walihesabu wadudu waliouawa na taa hizo usiku uwanjani: kati ya wadudu 13,789, wenye kuuma walikuwa 31 tu. Wengine walikuwa nondo, mende wadogo na wadudu wanaofaa kwa samaki na ndege. Mbu anakufuata wewe, hafuati taa.

Raketi ya umeme inafanya kazi kwa mbu uliyemwona. Tunaipenda, hasa ndani ya neti kabla ya kulala. Usiitegemee kwa mbu usiyemwona.

Basi nitumie nini?

Inategemea mbu gani, kwa kuwa wako wawili wa kuwatenganisha. Anofelesi, wanaoeneza malaria, huuma zaidi usiku ukikolea hadi alfajiri. Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na anazaliana kwenye maji safi ya nyumbani: ndoo, vifuu, tairi, sahani za maua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na Mombasa pia imeguswa na dengi na chikungunya zaidi ya mara moja. Neti haitakulinda na Aedes mchana ukiwa kibarazani.

Kwa usiku, neti yenye dawa ndiyo ya kwanza, na hatuna haja ya kuzunguka. Inafaa ujue pia kwamba neti si zote sawa siku hizi, kwa sababu mbu wengi wamezoea dawa ya zamani ya jamii ya pairethroidi. Misungwi, mkoani Mwanza, neti zilizochanganywa na klofenapiri zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 kwa miaka miwili, zikilinganishwa na neti za dawa ya zamani peke yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Wajawazito hupewa neti kliniki, na watoto wanapokuja kuchanjwa surua. Ichukue, itundike, ichomeke chini ya godoro. Ikitoboka, shona.

Nyavu za madirisha na dari zinafuata. Mbu wengi wa malaria huingia kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba kuziba nyumba au kuweka dari ya wavu kulipunguza mbu waliokuwa wakiingia, na watoto wenye upungufu wa damu wakapungua pia. Hii ni kazi ambayo fundi wa mtaani anaweza, si lazima sisi.

Kwa kukaa nje jioni, paka dawa yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au pikaridini, au ile ya mafuta ya mkalitusi wa limau iliyosafishwa. DEET haipakwi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na ya mkalitusi haipakwi kwa wa chini ya miaka mitatu. Paka kwenye ngozi iliyo wazi, na kwa mtoto mpake wewe, usimwachie mikononi.

Kuna kitu kingine kipya ambacho watu wanakichanganya na vifaa vya sauti kwa sababu nacho hutundikwa tu ukutani: karatasi au plastiki iliyotiwa transfluthrini, inayotoa dawa polepole hewani bila moto wala umeme. Ilipimwa Busia, Kenya magharibi, ikapunguza maambukizi ya malaria kwa karibu theluthi moja, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaanza kupendekeza bidhaa za aina hiyo ziwe nyongeza ya neti. Hiyo ina kemikali na mbu anaihisi. Haina mlio.

Dawa ya kuchoma ya mviringo inasaidia kibarazani. Usilale nayo chumba kikiwa kimefungwa, moshi wake si mzuri kwa kifua.

Na Aedes: mwaga maji. Kila wiki, kila chombo, funika tangi. Hakuna kifaa kinachoshinda hilo.

Bangili za mbu na mchaichai kwenye chungu?

Bangili hazikusaidia kwenye jaribio la New Mexico, maana hata kama zingefukuza, mguu uko mbali na mkono. Mchaichai uliokaa tu kwenye chungu hautoi harufu ya kutosha. Kivumbasi kikichomwa au kuwekwa juu ya makaa kimepimwa na kimeonyesha kupunguza mbu kiasi, kwa hiyo bibi hakukosea. Ila kinapunguza, hakizuii.

Nimeumwa na nina homa. Nianze na nini?

Kituo cha afya, kipimo cha haraka cha malaria, siku hiyohiyo. Usinywe dawa kwa kukisia, na usisubiri homa ipande tena.

Nimeshanunua viwili. Nifanye nini navyo?

Kama risiti ipo na muuzaji ana duka, rudisha na umwambie wazi hakifukuzi mbu. Wauzaji wakirudishiwa bidhaa mara kwa mara huacha kuiagiza, na hilo ni msaada kwa jirani yako. Kama hakuna risiti, kagua soketi na kifaa. Kikiwa kinapata moto au kinanuka plastiki, kitupe. Kikiwa salama, kiweke kwenye korido. Kile kitaa cha bluu kinatosha kumwonyesha mtoto njia ya chooni usiku, na kwa kazi hiyo hatuna malalamiko nacho.